Bunduki ya Fokker haikuwa ikizuiwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya vita vya 1914–1918 imesema bunduki ya rashasha ya Fokker Eindecker, ndege ya Kijerumani ya 1915, ilifyatua mfululizo ila mtambo ukiizuia bapa la pangaboi likipita mbele yake. Ni kinyume. Gurudumu lenye nundu, likizungushwa na injini, lilisukuma fimbo, na fimbo hiyo ndiyo iliyofyatua, risasi moja kila msukumo. Rubani asipobonyeza kishikio, fimbo haikuifikia bunduki.

Hatari ilikuwa kwenye baruti. Risasi ikichelewa kuwaka kidogo tu, hutoka bapa limeshafika. Fimbo nayo ikilegea, mpangilio mzima wa wakati wa kufyatua huharibika. Max Immelmann, rubani wa Kijerumani wa Eindecker, alipoanguka tarehe 18 Juni 1916, Wajerumani walisema amekata pangaboi lake mwenyewe kwa risasi. Waingereza walidai wamemtungua wao.

Mkanda wa risasi ulikuwa wa kitambaa. Ukipata unyevu hukakamaa, mfano wa tanga la ngalawa lililolala nje masika, na risasi hukwama njiani.

Tena, picha mliyoweka si Eindecker. Ile ni Albatros, ndege nyingine ya Kijerumani, ya mwisho wa 1916, yenye bunduki mbili za milimita 7.92 juu ya injini. Tafadhali sahihisheni.

Msomaji wenu,
Mkunazini, Unguja