Megabiti unazo, mbona ukurasa haufunguki?

"Fundi, nimeongeza kifurushi mara mbili na bado inazunguka tu!" Meneja wa kambi moja ya watalii huko Katavi alinipigia akiwa amefura. Nilipofika nikapima: megabiti zake 10 kwa sekunde zilikuwa zinaingia zote. Bomba lilikuwa pana vya kutosha. Safari ndiyo ilikuwa ndefu.

Setilaiti anayotumia imekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ombi linapanda hadi kule, linashuka kwenye kituo cha ardhini, kisha jibu nalo linapanda na kushuka. Hata kwa mwendo wa mwanga, mzunguko huo mmoja unakula karibu nusu sekunde. Hakuna kifurushi kinachousogeza huo umbali, ulipe utakavyolipa.

Nusu sekunde ni nini, utasema. Lakini kompyuta ina adabu zake, haiingii kwa watu bila hodi. Inaulizia kwanza anwani ya tovuti. Ikishaipata inabisha hodi kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti hiyo, na kusubiri "karibu". Halafu wanapatana namna ya kufunga mazungumzo yao yasisikilizwe na wengine. Ndipo inapoomba ukurasa wenyewe. Safari nne hizo, sekunde mbili, na hujaona hata herufi. Bado kuna matangazo, vihesabu wageni na fonti, vingi vikitoka kwenye seva nyingine, na kila seva ina hodi yake.

Kambini tulianza na VPN, yaani njia ya siri inayoficha mawasiliano yako mtandaoni. Ilikuwa imewashwa kwenye ruta, kifaa kinachogawa intaneti, hivyo kila kitu kinapita humo. Modemu nyingi za setilaiti zina ujanja mmoja mzuri: zinaijibu kompyuta "nimepokea" papo hapo, isikae ikingojea jibu la kutoka ng'ambo ndipo itume tena. VPN inafungia kila kitu kwenye bahasha, modemu inabaki haioni cha kujibu. Tukaibakiza kwenye kompyuta ya mhasibu peke yake. Ruta tukaipangia ikariri anwani za tovuti na izuie matangazo. Picha za simu za wafanyakazi sasa zinapanda mtandaoni usiku, watu wamelala.

Dishi hatukuligusa. Kifurushi tulimrudishia kile cha zamani, jambo ambalo mwenzetu wa mauzo hajanisamehe hadi leo.

Simu za video, hata hivyo, bado zinamsumbua. Anaongea, anasubiri, wanakatizana. Hapo ujanja wetu unaishia. Dawa yake ni setilaiti za chini kama za Starlink, zinazopita kilomita 550 hivi juu yetu, na hizo zina dishi lake na mkataba wake.

Kabla hujatupigia ukitaka kuongeza kifurushi, zima VPN, fungua tovuti unayoitumia kila siku, uhesabu sekunde hadi maneno ya kwanza yatokee. Kisha iwashe, uhesabu tena. Tutumie namba zote mbili kwa WhatsApp, tuanzie hapo.