Kichwa kiligongwa, hofu ikabaki

Mhariri,

Ni wiki ya 5 tangu nijigonge kichwa kwenye fremu ya mlango. Picha ya kichwa haikuonyesha kitu, na hilo ndilo lililonitia hofu: mbona basi mwanga unaniumiza, na nikisoma kurasa 2 maneno yanacheza? Daktari alinieleza kuwa mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani kwenye picha. Bado nikawa naamka saa nane usiku kukagua mboni za macho kwenye kioo, kama zinalingana. Moyo ukienda mbio, kizunguzungu kinazidi, nami naapa damu inavuja kichwani!

Sasa nimebandika ukutani dalili za kukimbilia hospitali: kutapika tena na tena, degedege, ulimi kuwa mzito, maumivu yanayozidi. Isipokuwepo hata moja, natembea dakika 10, nalala. Jana kioo nilikitazama mara moja tu.

Msomaji wako