Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu: Tiridates na Trdat ni Jina Moja

Mpwa wangu mpenzi,

Juzi ulinibishia kwenye simu kwamba Tiridates, jina la wafalme kadhaa wa kale wa Armenia, ni la Kigiriki, na kwamba Trdat wa Waarmenia ni jina jingine kabisa. Sikutaka kukukata kauli mbele ya mama yako, ndiyo maana nakuandikia hapa, na wenzako nao wasome.

Cha Kigiriki katika jina hilo ni mkia wake tu, ule "-es" ambao Wagiriki waliupachika kwenye majina ya wanaume wa Kiirani ili yakubaliane na sarufi yao, na Warumi wakaupokea. Ukiuondoa, unabaki na Tiridat, jina la Waparthi, watu wa Iran ya kale, lenye maana ya "aliyetolewa na Tir", mungu ambaye Waarmenia wa kale walimhusisha na maandishi na ndoto, na ambaye mwezi wa nne wa kalenda ya Iran ungali unaitwa kwa jina lake. Sisi nasi tuna akina Majaliwa, ila hatumtaji mtoaji.

Armenia ililipata jina hili kupitia ukoo wa Arsaces, ukoo wa kifalme wa Waparthi. Tiridates I, nduguye Vologases I mfalme wa Parthia, alivikwa taji na Kaisari Nero mjini Roma mwaka 66. Pliny, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba alikwenda kwa nchi kavu kwa sababu, akiwa kuhani, aliona ni haramu kuichafua bahari.

Sasa sikiliza jambo ulilolikosa. Katika Kiarmenia mkazo huangukia silabi ya mwisho, na "i" isiyo na mkazo mara nyingi humezwa. Tiridat ikawa Trdat. Waarmenia wa magharibi, ambao kwao t na d zimebadilishana nafasi, hutamka Drtad. Kwa hiyo Tiridates III, ambaye mapokeo yanasema alibatizwa na Mtakatifu Gregori mwaka 301, ndiye Trdat yuleyule wa vitabu vya Kiarmenia. Nami hunichekesha kwamba mfalme aliyeiacha miungu ya kale aliendelea kubeba jina la mmojawapo hadi kaburini.

Wagiriki, kama unawataka sana, watafute kwingine, maana hata kwao jina hili lilifika na Mwarmenia: kuba la kanisa la Hagia Sophia lilipobomoka kwa tetemeko la mwaka 989, fundi aliyelijenga upya huko Constantinople alikuwa Mwarmenia kutoka mji wa Ani, aitwaye Trdat.

Mjomba wako