Yule Mpolandi wa Rembrandt

Shoga yangu,

Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho na imeniuma kweli, yaani mtu anakuja mwenyewe kwa miguu yake, anakaa anachorwa, alafu siku ya kuchukua picha anagoma kumalizia hela kisa umemwekea mikunjo ya paji la uso na macho yaliyochoka, anataka atoke laini kama filta ya simu. Na wewe sasa unaniuliza uirudie au uiache. Mimi nasema usiiguse, na naomba kabla hujashika brashi umtazame kwanza huyu bwana niliyekutumia wasapu.

Hiyo ni kazi ya Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi, ipo huku Washington, kwenye jumba la sanaa la National Gallery of Art, wanaiita Bwana Mkubwa wa Poland. Mimi hupita mara nyingi kumuona maana kuingia ni bure. Ni rangi za mafuta juu ya ubao, urefu wake unakaribia mita moja, ya mwaka 1637, wakati huo Rembrandt ana miaka kama 31 tu, yupo Amsterdam, ndo jina limeshapanda na matajiri wanamtafuta awachore.

Sasa angalia alivyomvalisha. Kofia ndefu ya manyoya, koti zito lenye manyoya mabegani, mkufu wa dhahabu, fimbo yenye kichwa cha dhahabu mkononi, alafu sikioni hereni ya lulu kubwa. Kila kitu cha ukubwa anacho. Vuta picha uione ile dhahabu kwa karibu, rangi ameiweka nene mpaka taa ya ukumbini inaigonga na yenyewe inang'aa, ukisogea sana inakuwa madonge tu ya njano na kahawia, ukirudi nyuma hatua mbili tatu ni mkufu kabisa, unahisi hata uzito wake. Manyoya nayo hajachora unywele mmoja mmoja, kapitisha brashi anaburuta na jicho lako ndo linamalizia kazi.

Lakini njoo usoni shoga. Paji limekunjamana katikati ya nyusi, kope nzito, macho yana wekundu wa mtu ambaye hajalala vizuri, masharubu yameanguka pembeni. Huyu mwenye dhahabu yote hii ana wasiwasi! Na Rembrandt hajamfichia hata kidogo, tena nguo zinavyozidi kung'aa ndivyo uso unavyozidi kuonekana umechoka. Mimi nikisimama pale sitazami lulu, najikuta namuwazia huyu mtu ana nini jamani, nani kamsumbua.

Alafu hakuna mwenye uhakika ni nani. Wapo waliosema ni Andrzej Rej, mjumbe wa Poland aliyepita Amsterdam mwaka huohuo 1637, na si ajabu maana nafaka ya Poland ilikuwa inashuka Amsterdam kwa meli kutoka bandari ya Gdańsk, kwa hiyo Wapolandi na mavazi yao hawakuwa wageni kule. Wengine wanasema huyo wala si Mpolandi, ni mtu tu kavalishwa, sababu wachoraji wa Uholanzi walikuwa na mtindo wa kuchora uso wa mtu yeyote ndani ya mavazi ya kigeni na kuuza sokoni bila mtu kuagiza, na Rembrandt alikuwa ananunua sana manguo na silaha za zamani kwenye minada. Wapo mpaka wanaoona sura yake mwenyewe humo. Mimi nipo upande wa hawa wa pili, kwa sababu sidhani kama bwana mkubwa aliyelipa kwa hela yake angekubali kupelekewa nyumbani uso ule, unaona mwenyewe hata huyo mteja wako.

Ila sasa ona ulikofika huo uso. Catherine II, yule malikia wa Urusi, aliununua, ukakaa kwenye mkusanyiko wake St. Petersburg. Baadaye serikali ya Stalin ikawa inatafuta fedha za kigeni za kununulia mashine, ikauza kimyakimya picha za Hermitage, yaani lile jumba la makumbusho la St. Petersburg, na Andrew Mellon, ambaye alikuwa waziri wa fedha wa Marekani, kati ya 1930 na 1931 akachukua 21 kwa zaidi ya dola milioni 6, huyu bwana akiwemo. Mwaka 1937 Mellon akazitoa kwa taifa, miaka 300 kamili tangu picha ichorwe, na jumba hili la National Gallery likafunguliwa 1941. Malikia, tajiri, sasa hivi watoto wa shule, wote hao wamesimama mbele yake, yeye na mikunjo yake.

Kwa hiyo hiyo kazi ibakishe kama ilivyo, isaini, weka na tarehe. Akirudi na hela mpe, asiporudi itundike hapo dukani kwako sehemu yenye mwanga, atakuja mtu wa kuielewa. Kama hela ya turubai imekwama niambie wiki hii tusaidiane, usione haya. Na nitumie picha ya karibu ya yale macho, ile uliyotuma mwanzo ina giza sioni vizuri.

Msalimie sana mama na watoto.

Wako wa siku zote