Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kikao cha Jioni Mlimani

Ndugu wanachama, waongozaji, wasaidizi, wapishi na wagumu (wapagazi) wenzangu,

Nawasalimu nyote, na wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Tumshukuru Mungu kwamba msimu umekwisha na wenzetu wote waliopanda wameshuka salama. Hesabu atazisoma mweka hazina, na majina ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo moja ambalo mwaka huu limetushughulisha kuliko mengine yote, nalo ni jinsi tunavyosemezana tukiwa mlimani Kilimanjaro, sisi kwa sisi, na sisi na wageni wetu.

Kundi la njia ya Machame au Lemosho mnalijua lilivyo. Wageni wanane, kutoka nchi tatu au nne, na mara nyingine wamekuja na kiongozi wao wa huko kwao. Upande wetu watu thelathini na zaidi: Mchagga, Mpare, Msambaa, Mrangi, Mmeru. Kiswahili kinatuunganisha sisi, Kiingereza tumejifunzia kazini. Tunakaa pamoja siku sita au saba kwenye baridi, na pale kileleni Uhuru, mita 5,895, oksijeni inayoingia kifuani ni kama nusu ya ile anayoipata mtu wa Tanga ufukweni. Ugonjwa wa huko juu hausubiri watu waelewane kwanza.

Nitawaeleza lililonikuta kambi ya Barafu, maana ndilo lililotufanya tuanze kazi hii. Usiku wa kupanda kileleni, mama mmoja, mgeni, alibaki nyuma na msaidizi wetu kijana. Kiongozi wa wageni akauliza kwa redio, kwa Kiingereza: hajatapika? Kijana akajibu "yes". Kwa Kiswahili amejibu sawasawa: ndiyo, hajatapika. Ukimuuliza mtu "Hujala?" naye ana njaa, atakwambia "Ndiyo, sijala." Lakini yule aliyeshika redio alisikia kwa sikio la Kiingereza, na kwake "yes" ile ilikuwa na maana kwamba ametapika. Akaagiza mama ateremshwe. Kijana alishangaa, ila kumuuliza mkubwa "kwa nini?" aliona ni kukosa adabu, akateremka naye. Mimi nilikuwa kambini. Nilimkuta mama amekaa juu ya begi lake, glavu zote mbili mkono mmoja, hakohoi, kichwa hakimuumi, anatembea kwenye mstari bila kuyumba. Akaniuliza amekosa nini. Nilimshika mkono, nikakosa la kumwambia.

Safari hiyo aliyeumia ni moyo tu. Neno hilohilo likienda upande wa pili, mtu mwenye maji kwenye mapafu anaachwa aendelee kupanda, naye dawa yake ya kwanza ni kushushwa.

Tangu hapo tumekubaliana hivi, na naomba walioko hapa wawafikishie wasiokuwepo: hatuulizi tena swali lenye "haja-" wala "hana-" kwenye redio. Tunauliza ametapika mara ngapi tangu chakula cha jioni, amekunywa lita ngapi, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma ngapi. Na anayejibu anasema sentensi nzima, halafu aliyeuliza anairudia. (Mgeni wa Kijapani, nimeona mara kadhaa, hujibu kama sisi. Kwa hiyo Mjapani na Msambaa wanaweza kuelewana kwa Kiingereza kibovu, Mwingereza akabaki peke yake njia panda.)

Liko pia suala la salamu. Sisi tukiulizwa habari, jibu la kwanza ni nzuri. Habari za asubuhi? Nzuri. Baada ya hapo ndipo linakuja "ila": ila usiku sikulala, ila kifua kinabana. Mgeni akishasikia ile "nzuri" ameridhika, ameshaondoka, "ila" inamkuta mgongoni. Sisi nasi tunamfanyia vivyo hivyo. Mgeni akisema yuko sawa, tunangoja "ila" yake kwa upole, wala haiji, kwa sababu amelipa fedha nyingi na anaogopa kushushwa. Mgumu anaficha kikohozi kwa sababu hiyohiyo, maana akishushwa siku ya tatu anapoteza malipo ya siku zilizobaki. Mafunzo ya lugha hayawezi kuondoa woga wa namna hii. Ndiyo maana kamati yenu imezunguka mwaka mzima kuziomba kampuni zimlipe siku zake zote mgumu aliyeshushwa kwa kuugua. Baadhi zimekubali, na ninazishukuru kwa dhati. Nyingine bado, na hatutaacha kurudi mlangoni kwao.

Kuhusu saa nitasema kwa kifupi. Msaidizi alimwambia mgeni ataamshwa "five", akiwa na maana ya saa tano usiku. Mgeni akajua ni alfajiri, akakutwa hajapanga hata soksi. Kuanzia sasa saa inaandikwa kwenye karatasi, 23:00, na inaoneshwa hemani.

Jambo ninalotaka tulishike kuliko yote ni kikao cha jioni. Kwa desturi yetu mkubwa huanza kusema, na akishasema, nani atampinga? Kiongozi wa kigeni anaona kimya, anadhani wote wamekubali. Basi mwaka huu tumejaribu kugeuza mpangilio. Anayebeba choo ndiye anaanza, anafuata anayepeleka chakula hemani, halafu mpishi, halafu wasaidizi, na kiongozi mkuu anamalizia. Heshima iko palepale, shikamoo inaanza kama kawaida, kilichobadilika ni zamu tu. Na matunda yake tumeyaona. Kwenye kundi moja pale kambi ya Barranco, kijana wa choo, ambaye miaka yote hajawahi kuulizwa lolote, alisema mgeni wa hema la tatu ameamka mara sita usiku. Mgeni mwenyewe alikuwa amesema yuko sawa. Aliyepeleka chakula akaongeza kwamba sahani yake imerudi ilivyo mara mbili. Hakuna kati yetu viongozi aliyekuwa analijua hilo. Tukampumzisha, tukamnywesha, na siku mbili baadaye alisimama Uhuru akilia kwa furaha.

Kazi ya kuchanganya watu hivi si ngeni katika mlima huu. Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walipofika kileleni mwaka 1889, kambini juu aliachwa mtu wa Pangani, Mwini Amani, alinde moto na chakula. Natamani sana tungekuwa na maelezo yake yeye mwenyewe ya zile siku.

Hatukufanikiwa kote. Darasa la Kichina lilikufa baada ya wiki chache, na lawama ni yangu, kwa kuwa nililiweka msimu wa kazi. Litaanza upya mvua za Aprili zikishaingia. Bakshishi bado zinaleta manung'uniko pale ambapo mgeni anampa mtu mmoja bahasha akidhani wote wanajua kilichomo. Tunawaomba viongozi wawaeleze wageni mapema watangaze kiasi mbele ya wote.

Ombi langu la mwisho ni kwa viongozi wakuu. Kila mmoja amepewa daftari la kikao cha jioni, aandike nani alisema nini, kuanzia wa chini. Naomba madaftari hayo yawekwe mezani kwa katibu kabla ya chakula cha mchana, tuyasome pamoja jioni.