Kiwanja cha ndege Loiyangalani ni sehemu ya ambulensi

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Msimu wa bajeti ukikaribia, barazani tunaponywea kahawa tungu hapa Mombasa hawakosi wasemao hivi: viwanja vya ndege vya vumbi kule Ziwa Turkana vinakula pesa bure, maana barabara imekwishafika, na ndege ni anasa ya watalii na wakubwa. Mimi ni mstaafu wa kazi za uwanja wa ndege, na kwa maoni yangu hoja hiyo imeshikwa kichwa chini miguu juu.

Barabara ipo kweli. Wenye mradi wa umeme wa upepo walitengeneza kilomita 208 kutoka Laisamis hadi Sarima ili wapitishe mitambo yao 365, na wananchi wamefaidika nayo. Lakini Loiyangalani iko mbele ya Sarima, na Illeret iko mbali zaidi, kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia. Njiani kuna laga, yaani mito ya msimu, ambazo leo ni mchanga mtupu, na mvua ikinyesha mlimani hazipitiki. Ziwa nalo limepanda. Kijiji cha Waelmolo cha Komote kimezungukwa na maji, kwa hiyo mgonjwa wa huko hupanda mashua kwanza ndipo afikirie gari. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa haya. Barabara ya Garsen ikifurika, macho yote huelekea uwanja wa Manda. Wazee wa huko wanamkumbuka Anne Spoerry, Mama Daktari, aliyerusha ndege yake mwenyewe kuhudumia visiwa vya Lamu na jangwa la kaskazini.

Sasa tuhesabu saa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Loiyangalani ni kama kilomita 450 kwa mstari wa hewani. Ndege ndogo aina ya Caravan huchukua saa moja na nusu hivi. Viwanja hivi havina taa, kwa hiyo rubani lazima atue kungali mchana, na jua letu huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu. Tuseme mama amejifungua na damu haikatiki, muuguzi akapiga simu saa kumi jioni. Hadi daktari apatikane, ndege ijazwe mafuta na ruhusa itoke, giza limeingia. Mama atasubiri alfajiri, akijaliwa.

Na alfajiri ina shida yake. Upepo wa huko hutoka kusini-mashariki, ukabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, na nguvu zake huwa kubwa usiku hadi asubuhi. Huo ndio upepo unaozungusha mitambo ya megawati 310, umeme ukasafiri kwa waya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, ukaja kutuzungushia feni huku pwani. (Ukimwambia mtu wa Loiyangalani kuhusu feni, usishangae akikutazama vibaya.) Rubani akingoja upepo utulie, jua limepanda na joto limekuja. Hewa yenye joto ni nyepesi, injini na mabawa hupungukiwa na nguvu, na ndege yenye machela na mgonjwa ndani huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka. Basi nafasi ya kutua na kuondoka salama ni finyu, na inapopatikana mbuzi kumi tu waliolala katikati ya njia wanaweza kuipoteza.

Njia kuu ya kurukia katika uwanja wa Moi hapa Mombasa ina urefu wa mita 3,350. Kuna watu kazi yao ni kuipitia kwa gari, kufukuza ndege wa angani na kuokota hata parafujo moja iliyoanguka. Katika viwanja vya kandokando ya ziwa kazi hiyo mara nyingi hufanywa na rubani mwenyewe. Hupita chini kwa kelele, ngamia watawanyike, atazame kama udongo umelowa au maji yamechimba mfereji, kisha azunguke tena ndipo atue. Kila mzunguko unakula mafuta, na huko hakuna mahali pa kununulia mengine.

Kwa nini hakuna mtu pale chini? Jibu liko ndani ya Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa usafiri wa ndege, na kaunti likaipa huduma za afya, zikiwemo ambulensi. Kwa hiyo ambulensi ya angani inatua penye ardhi ambayo idara ya afya ya kaunti haioni kuwa ni mzigo wake, na mwenye mzigo yuko Nairobi. Zamani mheshimiwa akitarajiwa, kiwanja kilifyekwa na kusawazishwa. Siku hizi wakubwa huja kwa helikopta na kutua uwanja wa shule, hivyo ubovu wa kiwanja hawakutani nao kabisa.

Siombi lami wala jengo la abiria. Taa pia siombi: Mlima Kulal, ambao unapita mita 2,200, uko jirani, na sitaki rubani ashawishiwe kuja gizani. Ninachotaka ni mtu mmoja wa hapohapo anayelipwa mshahara kila mwezi, ua wa kuzuia mifugo, mfuko wa kuonyesha upepo ambao haujachanika, na nambari moja ya simu ambayo kituo cha afya na waokoaji wanayo. Mtu huyo akipigiwa simu kabla ndege haijaondoka Wilson, aseme: upepo unatoka huku, upande wa ziwani kuna tope, njia ni nyeupe. Wafugaji na wavuvi wanaijua hali ya hewa ya kwao, kwa hiyo kumfundisha hakutachukua muda mrefu.

Mshahara huo uwekwe kwenye fungu la ambulensi la kaunti, Marsabit kwa upande wa mashariki na Turkana kwa upande wa magharibi, na mamlaka ya viwanja vya ndege itoe ruhusa kwa maandishi ili pasiwe na kuvutana. Na kama tayari kuna watu wa namna hiyo kwenye orodha za mishahara, kaunti hizo mbili zituambie kupitia gazeti hili wako kwenye viwanja vipi na wanalipwa na idara gani.

Mstaafu wa uwanja wa ndege,
Magongo, Mombasa