Kuhusu kipimo cha sukari Jumamosi

Ndugu wanakikundi, mtakaokuja kupima sukari Jumamosi asubuhi mnaombwa msile wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa muda wa saa 8 kabla ya kipimo, kwani hata chai ya rangi yenye kijiko kimoja cha sukari hubadilisha majibu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya milimoli 7.0 kwa lita ya damu na kuendelea, kabla ya kula, huashiria kisukari. Ninaowahofia zaidi ni wenye 6.1 hadi 6.9, ambao hawajisikii kuumwa, ilhali hatari yao ya baadaye ni kubwa na bado inaweza kupunguzwa kwa mazoezi na kupunguza uzito. Mama aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito tafadhali asikose, hata kama sukari ilirudi sawa baada ya kujifungua.